Ufagio wa Mshika Kihenge

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmelazimishwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, hiyo ndiyo sauti. Sogeeni, lakini msinibane, mimi nikibanwa hadithi hunikwama. Na wewe uliyekaa mlangoni, acha kujikunakuna, hatujafika huko. Tukifika mtajikuna wote, nawaambieni mapema.

Zamani hizo, zamani za bibi wa bibi yangu, palikuwa na kijiji. Jina lake sikuambiwa, nami silitungi. Watu wake walikula mtama. Asubuhi uji wa mtama, jioni ugali wa mtama, harusini mtama, matangani mtama. Chakula kila mtu aliweka kwake, lakini mbegu haikukaa nyumbani kwa mtu. Mbegu ya kijiji kizima ilikaa katika kihenge kimoja, kapu kubwa la fito lililokandikwa udongo, lina miguu ya mti na paa la nyasi, pale katikati ya nyumba. Sababu ilikuwa moja tu: mwenye njaa asije akala mbegu yake kwa siri.

Na kihenge hicho kilikuwa na desturi yake. Mavuno yakiisha, hutazamwa nani ameolewa karibuni zaidi. Huyo ndiye mshika kihenge. Anapewa ufagio mpya mbele ya watu, anaambiwa, "Mwanamke, mbegu yetu hiyo." Mvua zikikaribia, kihenge hufunguliwa mbele ya watu. Mbegu ikitoka nzima, ufagio unatundikwa juu ya mlango wake, naye amekuwa mtu wa pale. Mbegu ikiwa imeharibika, ufagio unawekwa kichwani pake na anarudishwa kwao hivyo hivyo, amebeba ufagio, njia nzima watu wanamtazama. Ndoa imekwisha. Nani atamwoa tena mwanamke mwenye mkono wa kuua mbegu?

Mnasema desturi mbaya? Mbaya ndiyo. Lakini sikuitunga mimi, msinitolee macho.

Mwaka huo ufagio ukamfikia Mashavu.

Mashavu alikuwa mke wa Shomari, ametoka mbali, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Alimpenda mumewe na mumewe akampenda, hapo hapakuwa na neno. Neno lilikuwa kwa mama mkwe, Bi Kazija. Bi Kazija alikuwa msafi, jamani! Msafi wa kukera. Kuku akipita uani kwake, yeye anafuata nyuma anafagia nyayo za kuku.

"Mwanangu," akamwambia Mashavu, "wake wa kijiji hiki ni wavivu. Kihenge kile kimejaa takataka tangu nilipoolewa mimi. Wewe niondolee aibu hiyo."

"Nimesikia, mama."

Na kusikia alisikia kweli, tena kupita kiasi. Akapanda ngazi, akachungulia kihengeni. Akakuta mtama haukupurwa vizuri, punje nyingi bado zimo ndani ya makapi yake. Na katikati ya mtama majani makavu, tabaka la mtama, tabaka la majani, yananuka hadi puani yanawasha. Wake wote waliomtangulia waliyaona wakayaacha. Mashavu akasema, "Ala! Mbegu ya kijiji kizima imelazwa na uchafu huu?"

Akaanza kazi. Akaushusha mtama wote. Akaupura, pu! pu! pu! Makapi yakatoka. Akaupeta kwa ungo, chaa, chaa, chaa! Majani akayazoa, akayatupa jalalani. Kisha akashika ufagio. Ufagio ulisemaje? Itikieni.

Fya! Fya! Fya!

Ulisemaje?

Fya! Fya! Fya!

Akachanganya samadi mbichi na maji, akakandika kihenge kwa ndani. Kabla hakijakauka sawasawa, akarudisha mtama. Na kila baada ya siku tatu akafuta ukuta kwa kitambaa cha maji. Mtama uling'aa! Watu walikuja kuutazama. Bi Kazija akawa hatulii nyumbani, anazunguka mlango kwa mlango, "Mmemwona mkwe wangu? Semeni kweli, mmemwona?" Hata Jumbe Mwinchande, mkuu wa kijiji, akaja, akaingiza mkono hadi kiwikoni, akatoa konzi ya mtama, akaipuliza. Hata kapi moja halikuruka.

"Huyu ndiye mwanamke," akasema Jumbe.

Mashavu akaona dunia nzima ni yake siku ile.

Mtu mmoja tu hakuwepo kuyaona hayo. Alikuwa Bi Siwatu, bibi mzee, nyumba yake ilitazamana na kihenge. Ukiingia kwake huna pa kugeukia. Darini mafundo, ukutani vibuyu, juu ya meko masuke ya mtama yamekuwa meusi kwa moshi, kila pembe vishada vya majani, hujui kipi mboga kipi dawa. Watoto walimwita Bi Jalala, tena kwa mbali, maana mkono wake ulikuwa mwepesi. Kila mwaka kihenge kikijazwa, yeye ndiye aliyepanda ngazi kuupokea mtama na kuumwaga ndani, na kila mara alipanda shuka lake limetuna. Hakuna aliyeuliza limetuna kwa nini. Mwaka huo alipanda vilevile, akamwaga vilevile. Siku ya tatu akaitwa ng'ambo ya mto, binti yake amejifungua. Alikwenda kukaa arobaini. Mtoto akaugua, bibi akakaa miezi minne.

Sasa tumefika kule nilikowaambia. Kaeni vizuri.

Kwanza ilikuja harufu. Tamutamu hivi, unaipenda kidogo halafu inakukaa kooni. Kisha likaja vumbi. Vumbi la rangi ya unga, chini ya kihenge. Mashavu akalifagia, fya! fya! fya! Kesho yake lipo. Akalifagia, fya! fya! fya! Kesho yake lipo, tena limezidi.

Kisha ukaja muwasho.

Ulianza mikononi kwa Mashavu. Kwaru, kwaru. Ukapanda shingoni. Kwaru, kwaru. Shomari naye, kwaru, kwaru. Bi Kazija mgongoni, mahali ambapo mkono haufiki, akawa anajisugua kwenye nguzo ya nyumba. Jumbe Mwinchande, ule mkono aliouingiza kihengeni, kwaru, kwaru, kwaru hadi akatoka damu. Kijiji kizima hakikutulia. Watu walishindwa hata kusalimiana.

"Hujambo?"

"Sija..." kwaru, kwaru, "...mbo."

"Watoto hawa..." kwaru, "...jambo?"

Ugali ukaungua, mwenye mwiko anajikuna. Mke na mume wakagombana bila sababu. Kitako hakikai, mguu haukai. Na Mashavu, maskini, akasema ni uchafu huu, akaongeza maji. Kila muwasho ulipozidi, yeye akazidisha maji.

Vinywa vilevile vilivyomsifu vikageuka. "Mgeni huyu ametuletea kitu." "Kwao wanajulikana." "Tangu ashike kihenge hatujalala." Mawingu nayo yakaanza kujikusanya upande wa milimani. Mvua ilikuwa njiani, na siku ya kufungua kihenge mbele ya watu ilikuwa karibu.

Ndipo Bi Siwatu akarudi. Mchana, jua kali, mzigo kichwani, fimbo mkononi. Hakufika hata kwake. Akasimama chini ya kihenge, akanusa.

"Shikamoo, bibi," akasema Mashavu.

"Marahaba. Nani amekifungua?"

"Mimi, bibi. Nimekisafisha."

"Majani yako wapi?"

"Majani yale? Nimeyatupa."

"Na makapi?"

"Nimeyapeta, bibi. Hata moja halimo."

Bi Siwatu akautua mzigo. Akakaa chini palepale, juani. Kisha akasema, "Lete ungo."

Akazoa lile vumbi kwa kiganja, akaliweka kwenye ungo, akalisawazisha hadi likawa laini kabisa. "Usiguse. Tazama."

Mashavu akatazama. Vumbi limetulia. Vumbi limetulia. Halafu likakunjamana. Halafu likatembea.

"Mama yangu!" Mashavu akaruka nyuma.

"Hilo si vumbi," akasema Bi Siwatu. "Huo ni utitiri. Vidudu, mjukuu wangu, vidogo hata jicho haliwezi kuvihesabu. Vinakula kile kiini cha punje, pale panapotoka chipukizi. Kapi la mtama ni nguo yake, mtama umezaliwa nayo ujikinge, wewe ukaivua. Majani yale harufu yake vidudu hivi haviiwezi, wewe ukayatupa. Na maji ndiyo vilivyokuwa vikiyangoja."

Mashavu akainyoosha mikono yake. "Bibi, sikulala kwa kazi ile. Tazama mikono yangu. Nilitaka wanipende." Akalia. "Watanirudisha. Watanitia ufagio kichwani. Nitamwachaje Shomari, nitapitaje mbele ya baba yangu?"

Bi Siwatu akainuka. Akaingia kwake, akatoka. Akaingia, akatoka. Maana alikuwa na jambo moyoni, na jambo lile hakuwahi kumwambia mtu.

Majani yale yalikuwa kivumbasi. Sisi tunakijua kivumbasi, tunakiweka nyumbani kufukuza mbu, hatuna habari. Lakini kijijini pale kivumbasi kiliota makaburini, na kikaachiwa maiti. Aliyekichuma alihesabiwa mchawi. Siwatu alipokuwa kijana, alipokuwa mshika kihenge yeye, utitiri uliingia. Akaona mahali pamoja tu ambapo vidudu vile havikanyagi, kwenye kitambaa alichotoka nacho kwao, alichofungia kivumbasi cha kaburi la mama yake. Akajua. Akamwendea Jumbe wa wakati ule, baba yake Mwinchande, akamweleza. Jumbe akamwambia, "Rudia maneno hayo, nami nitakufukuza." Basi hakuyarudia. Akakitia kihengeni kwa siri, mbegu ikasalimika, naye akaendelea mwaka baada ya mwaka, chini ya shuka.

Mbiu ikalia. Vuuu! Vuuu! Watu wakakusanyika kihengeni, wanajikuna, hakuna aliyesimama wima. Jumbe Mwinchande akafungua. Akatoa konzi. Mtama ukamporomoka mkononi, nusu punje, nusu unga, umepata joto na unyevu. Wanawake wakapiga yowe.

"Ufagio uko wapi?" akasema Jumbe.

Mashavu akauleta mwenyewe. Hakusubiri kuitwa mara mbili.

Shomari akapenya katikati ya watu, akasimama kando yake. "Jumbe, akiondoka huyu, naondoka naye."

"Nenda!" akafoka Jumbe. "Utapanda nini hapa? Mvua hiyo inakuja, tutapanda nini?" Akauinua ufagio, huku kwa mkono wa pili anajikuna shingo.

Bi Kazija alikuwa nyuma, amejifunika uso kwa shuka. Mdomo uliozunguka mlango kwa mlango siku ile haukufunguka.

"Ngoja!"

Wakageuka. Bi Siwatu anakuja na fimbo yake, ko, ko, ko. Akafika, akaunyakua ule ufagio mkononi mwa Jumbe, akajiwekea kichwani mwenyewe.

"Kama lazima upate kichwa, hiki hapa. Mtoto huyu hana kosa. Kosa lake ni kwamba alifanya kazi, wengine wote mlikuwa wavivu, na uvivu wenu ndio ulioniokoa. Majani aliyotupa niliyaweka mimi."

"Majani gani?"

"Kivumbasi."

Hata kujikuna wakasahau.

"Cha wapi?" akauliza Jumbe, polepole.

"Kinaota wapi kingine? Cha makaburini."

Watu wakatema mate. Mmoja akafoka, "Mchawi! Umetulisha majani ya maiti!"

"Miaka thelathini na saba," akasema Bi Siwatu. "Mmepanda, mmevuna, mmekula. Wewe Mwinchande, uji wako wa kwanza ulitoka katika mtama ule. Umekufa?"

Mtu akacheka nyuma huko. Mwingine akacheka. Jumbe hakucheka.

"Haya, nimesema," akaendelea bibi. "Na kosa langu ni hili. Nilijua, nikanyamaza. Baba yako alinitisha mara moja tu, mimi nikaogopa miaka thelathini na saba. Nikiwatazama wake wapya wanakuja, mmoja mmoja, sikumwambia hata mmoja. Nikaona bora nifanye mwenyewe. Sasa msichana wa watu anabebeshwa uoga wangu. Nirudisheni kwetu, basi. Ila sijui mtanipeleka kwa nani, kwetu wamekwisha wote."

Akasimama, ufagio kichwani. Jumbe akatazama mawingu. Akatazama mtama. Akajikuna.

"Tufanye nini?" akasema.

Hilo ndilo neno lililohitajika tangu mwanzo, jamani. Neno dogo tu.

Kwanza wakaenda makaburini, mchana kweupe, wote. Wakaomba radhi, wakachuma. Wakashusha mtama, wakautandaza kwenye mikeka juani, mwembamba, wanaugeuza, wanaugeuza. Wingu likija wanakunja mikeka, wanakimbia nayo ndani. Jua likitoka wanatandaza tena. Tandaza! Kunja! Tandaza! Kunja! Siku tatu hakuna aliyekaa. Wakachekecha, ule unga unaotembea wakauchoma moto. Kihenge wakakibomolea ukuta wenye unyevu, wakakifukiza kwa kivumbasi hadi macho yakatoka machozi. Na Bi Siwatu kazi yote hiyo aliifanya na ufagio kichwani. Wakimwambia, "Bibi, utue," anajibu, "Aliyetaka kumtwika mtu ufagio aje autue."

Akachukua punje kumi katika mtama ule, akazifunga kwenye kitambaa chenye maji. Siku ya nne akakifungua mbele ya watu. Wakainama. Punje kumi, chipukizi tatu.

Tatu! Mashavu akaziba uso. Mbegu nyingi ilikuwa imekufa, kufa kabisa, na huwezi kuijua kwa kuitazama.

Ndipo bibi akaingia kwake, katika ile nyumba waliyoiita jalala, akaangusha masuke yale meusi ya juu ya meko. Masuke yaliyo na makapi yake, yamekula moshi miezi mingi. Akapura konzi moja, akafunga punje kumi. Zikachipua tisa.

Hayakutosha kijiji. Nisiwadanganye. Kila nyumba ilipata kibaba kimoja cha masuke yale, na mtama wa kihenge wakaupanda punje nne nne kwa shimo, angalau moja iote. Mvua ikanyesha siku ya sita. Mwaka ule walikula mara moja kwa siku, wakachimba na mizizi porini. Lakini hakuna nyumba iliyohama, na mbegu ya mwaka uliofuata ilipatikana.

Siku mtama ulipochipua, Jumbe Mwinchande akaja kwa Bi Siwatu kwa miguu yake. Akautoa ufagio kichwani pake, akautundika juu ya mlango wa Mashavu. Bi Kazija akatoka, akamshika mkwe wake mkono, akasema, "Mwanangu, nilikutuma mimi, na siku ile nikajificha. Nisamehe." Mashavu akamsamehe, ingawa si siku hiyohiyo.

Na desturi ikageuzwa. Mke mpya hapewi ufagio kwanza. Anapandishwa kihengeni na mshika kihenge wa mwaka uliopita, anashika kila kitu kilichomo, kimoja kimoja, anauliza, "Hiki nini? Kimewekwa na nani?" Akishajibiwa vyote, ndipo anapewa ufagio.

Miaka ikapita. Bi Siwatu akafa. Wakamzika, wakampandia kivumbasi. Waliporudi kutoka makaburini, wanawake wakashika fagio kwenda kuisafisha nyumba yake. Wakamkuta Mashavu mlangoni, amenyoosha mikono huku na huku, macho mekundu.

"Hakuna kufagia," akasema. "Tuulize kwanza."

Wakaingia. Wakashusha fundo moja moja. "Hiki nini?" "Mbegu za kivumbasi." Likawekwa. "Hiki nini?" "Dawa ya tumbo, alinipa mimi nilipojifungua." Likawekwa. "Hiki nini?" "Ala, si mbegu ya maboga yale aliyotugawia mwaka wa njaa!" Likawekwa. Wakashusha fundo la mwisho, dogo, limefungwa kwa kamba ya ukindu, chini ya boriti. Mashavu akalifungua. Ndani mna gome lililosagwa, jekundu, halina harufu.

"Hiki nini?"

Akamtazama huyu. Akamtazama yule. Hakuna aliyejua. Yeye mwenyewe alikaa na bibi miaka yote ile, akamwuliza mambo mia na moja, hilo hakuwahi kumwuliza.

Akalifunga tena. Akalirudisha palepale.

Na fundo hilo lipo. Bibi yangu aliliona kwa macho yake, bado linaning'inia, watu wanapita chini yake wanalitazama. Halitupwi, maana huenda ndilo litakalowaokoa siku moja. Halitumiki, maana wa kuuliza yuko kaburini.

Basi funzo lake hilo. Ukikuta kitu mahali, usikitupe kabla hujamwuliza aliyekiweka. Na wewe unayejua jambo, liseme ungali na mdomo, hata wakikufokea. Nyinyi hapa, nani ana bibi yake hai? Nyoosheni mikono. Sasa mnakaa kwangu kufanya nini? Nendeni mkamwulize.

Hadithi yangu naitua hapa, kama Bi Siwatu alivyoutua mzigo wake. Anayewashwa ajikune.